Kiko hai ao hakiko hai? Ulizo la kwanza mbele ya kununua dawa



Katika mikutano yetu, ikuwe Kabare, Walungu, Kalehe ao Idjwi, kuna ombi moja linalorudia kila mara: "Agronome, mugomba yangu inakauka, dawa yake ni gani?" Mwingine anasema: "Muhogo wangu umekunja majani, mutupatie dawa." Mwingine anamwaga maharagi juu ya meza, yote matundu matundu. Kila mutu anataka chupa, na kule sokoni muuzaji hakosi chupa ya kumupatia.

Mbele ya kutoa franka mufukoni, tujiulize kwanza: hiki kinachonisumbua shambani, kiko hai? Kama kiko hai, kinakula nini, kinapumua namna gani, kinazaa wapi, kinasafiri na nani? Maulizo haya yanafanana na somo la biolojia la watoto wa shule, lakini shambani ndiyo yanaokoa mavuno na pesa. Kitu kisicho hai hakiuawi na dawa. Na kitu kilicho hai kina mahitaji. Kila hitaji lake ni mulango, na mulango mutu anaweza kuufunga.

Moto unatembea, mugomba hautembei

Kutenganisha mbuzi na jiwe ni rahisi. Lakini kusema ni alama gani inawatenganisha, hapo kazi inaanza. Mutu atasema: kilicho hai kinatembea na kuongezeka. Sasa tukumbuke tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, siku Nyiragongo ilipolipuka. Tope la moto lilishuka, likapita katikati ya muji wa Goma, likala nyumba, likafika mpaka ziwani. Lilitembea, lilimeza, liliongezeka, na halikuwa hai. Mugomba nao umesimama mahali pamoja tangu wakati wa babu, na uko hai. Mwingine atasema: kilicho hai kinazaa. Lakini ng'ombe dume aliyehasiwa hazai tena, na bado anakula, ananona, na atakupiga teke ukimusogelea vibaya.

Ndiyo maana alama moja haitoshi. Wenye kuchunguza viumbe wanaziangalia zote pamoja:

1. Kiumbe hai kimejengwa na seli, moja ao nyingi. Tutaeleza seli ni nini hapa chini.

2. Kinakula, na kinageuza chakula kuwa nguvu na mwili. Mbuzi anakula majani. Muhindi unajipikia wenyewe: unachukua maji ya udongo na hewa ya kaboni, na kwa mwangaza wa jua unatengeneza sukari.

3. Kinapumua na kinatoa uchafu. Hata muti unapumua, muchana na usiku, na mizizi yake pia. Ndiyo maana muhogo unaoza katika shamba linalojaa maji: mizizi inakosa hewa.

4. Kinakua kutoka ndani. Lundo la muchanga linaongezeka mutu akimwaga muchanga juu yake, lakini mutoto anageuza bugali kuwa mifupa na nyama yake mwenyewe.

5. Kinasikia na kujibu. Ukipanda maharagi ya kupanda juu, yanatafuta fimbo na kuizunguka, hata hakuna mutu aliyeyafundisha.

6. Kinalinda hali ya ndani yake. Asubuhi ya baridi kule juu milimani, mwili wa mutu muzima unabakia kwenye joto la digri karibu 37.

7. Kinazaa kinachofanana nacho, na katika vizazi vingi kinabadilika. Hii ya mwisho inatugusa sana: ukipiga wadudu dawa moja kila musimu, wale wachache walioivumilia ndio wanazaa, na kisha miaka kadhaa dawa hiyo inakuwa kama maji.

Lundo la matofali si nyumba

Zamani wasomi wengi waliamini ya kwamba vitu vya mwili wa kiumbe vinahitaji nguvu ya uhai ili vitengenezwe, na kwamba mutu hawezi kuvifanya kutoka vitu visivyo hai. Mwaka 1828, mwanakemia wa Ujerumani, Friedrich Wöhler, alitengeneza urea katika chumba chake cha kazi, bila figo ya mnyama yoyote. Urea ni ile inayopatikana katika mukojo, na ni ile ile tunayonunua leo katika mufuko wa mbolea. Polepole watu walielewa: kaboni, azoti, fosfori na chuma vilivyo ndani ya mutu na ndani ya muhogo ni vile vile vilivyo katika hewa, maji na mawe.

Basi tofauti iko wapi? Iko katika mupango. Matofali yaliyomwagwa kando ya barabara si nyumba. Yapange kuwa ukuta, kuta ziwe chumba, vyumba viwe nyumba, nyumba ziwe mutaa, na kila ngazi utapata kitu ambacho ngazi ya chini haikuwa nacho. Tofali moja halizuie mvua, lakini nyumba inazuia.

Tuchukue muti mumoja wa maharagi. Chini kabisa kuna vipande vidogo sana vya kaboni, azoti na vingine, vinavyoitwa atomu. Atomu zikishikana zinafanya molekuli, kama sukari na protini. Molekuli zikipangwa vizuri ndani ya ngozi nyembamba zinafanya seli, na hapo ndipo uhai unaanza. Chini ya seli hakuna kitu kinachoishi peke yake. Seli zinazofanya kazi moja zinakuwa tishu, tishu zinakuwa kiungo kama jani ao muzizi, na viungo pamoja vinakuwa muti muzima. Tuendelee kupanda: miti yote ya maharagi ya mulima mumoja ni kundi. Kundi hilo pamoja na muhindi, majani mabaya, wadudu, nyuki, kuvu na bakteria ni jamii. Na jamii hiyo pamoja na udongo, mvua na jua lake ni mazingira. Mukiangalia pori la Kahuzi-Biega, munaona ngazi zote hizo mara moja, kuanzia seli ya jani la mwanzi mpaka kundi la ngagi wanaolikula.

Seli haionekani kwa macho matupu, ndiyo maana watu walikawia kuijua. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke aliangalia kipande cha gome la muti kwa mikroskopi, ile mashini ya kioo inayokuza vitu vidogo. Aliona vyumba vidogo vidogo, akavipa jina la seli. Ilipita karibu miaka 170 ndipo Wajerumani wawili, Matthias Schleiden mwaka 1838 kwa mimea na Theodor Schwann mwaka 1839 kwa wanyama, wakasema wazi ya kwamba vyote vimejengwa na seli. Na mwaka 1855 daktari Rudolf Virchow akatilia mukazo: kila seli inatoka kwa seli nyingine. Uhai hauzuki wenyewe katika uchafu. Ukiona ugonjwa wa bakteria umeingia katika shamba lililokuwa zima, ujue kuna mwenye aliuleta, akiwa mududu, mupanga ao mbegu.

Mbegu: iko hai, imelala

Tuanze kutumia hayo. Maharagi makavu ndani ya kikapu hayatembei, hayakui, hayaombi kitu. Utasema ni vijiwe. Kumbe yako hai. Ndani ya kila moja kuna mutoto wa muti pamoja na chakula chake, na anapumua polepole sana akingoja maji.

Kutokana na hilo, kuna mambo mawili ya kujua. La kwanza: mbegu inaweza kufa bila kuonekana. Ikihifadhiwa na unyevu ao mahali pa joto, inapumua kwa nguvu, inamaliza akiba yake na inazeeka mbele ya musimu. Ikiwekwa karibu sana na moto wa jiko, inaweza kupikwa ikiwa bado mbegu. Maharagi yaliyokufa yanafaa kwa chungu, lakini si kwa shamba. Kwa hiyo wiki mbili mbele ya kupanda, chukua mbegu 100 bila kuchagua, uzifunge katika kitambaa chenye unyevu, na kisha siku 7 uhesabu zilizoota. Zikiota 90, uko salama. Zikiota 60 tu, ujue karibu nusu ya jasho lako inaingia katika udongo bure. Tafuta mbegu nyingine kungali mapema.

La pili: yule mududu mudogo anayetoboa maharagi yuko hai pia, na yeye hajalala. Anakula, anazaa, na anapumua sana. Mulango wake ni hewa. Kausha maharagi vizuri, mpaka ukiuma moja linapasuka, halikunjike. Jaza bidoni mpaka juu kabisa, bila kuacha nafasi, na ufunge kifuniko nguvu hata hewa isipite. Wadudu walioingia ndani watamaliza hewa ya oksijeni na kufa, wao pamoja na watoto wao. Mbegu iliyolala inahitaji hewa kidogo sana, nayo inabakia. Hakuna unga wa sumu juu ya chakula cha watoto. Lakini musifungue bidoni kila siku kuchota, juu kila mara munawapelekea hewa mupya. Na mukifunga maharagi yenye unyevu, yataoza.

Bakteria ya mugomba: seli moja, wasafirishaji wengi

Sasa tufike kwa kidonda kikubwa. Ugonjwa unaokausha migomba yetu, ule majirani wa Rwanda wanauita kirabiranya, unaletwa na bakteria jina lake Xanthomonas. Ulitambuliwa kwanza Ethiopia miaka ya 1960, kwenye enseti, ndugu wa mugomba. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, na mwaka ule ule kwetu Kongo, kule Masisi katika Kivu ya Kaskazini. Kisha ulishuka mpaka huku Kivu ya Kusini. Familia zilizokuwa zinalipa shule ya watoto kwa ndizi na kasiksi zilibakia na shamba la majani makavu.

Munautambua hivi: majani yanageuka manjano na kulegea, ndizi zinaiva mbele ya wakati, ukikata tunda ndani yake ni kahawia, na ukikata shina linatoa usaha wa manjano. Usaha huo ni bakteria wenyewe kwa mamilioni.

Bakteria ni kiumbe hai kamili, lakini mwili wake wote ni seli moja. Anakula utomvu wa mugomba, anajigawanya mara mbili, wale wawili wanakuwa wanne, na hivyo hivyo mpaka mishipa ya maji ya mugomba inaziba. Basi tuulize maulizo yetu. Anaishi wapi? Ndani kabisa ya mugomba, mahali ambapo dawa ya kupuliza kwenye majani haifiki. Ndiyo maana chupa za sokoni hazijaponyesha mugomba hata mumoja. Anatembea? Hapana, hana miguu wala mabawa. Anasafirishwa, na wasafirishaji wake tunawajua: mupanga unaokata mugomba mugonjwa na kisha muzima, wadudu wanaofuata ua dume, watoto wa migomba wanaochukuliwa katika shamba lenye ugonjwa, na mbuzi wanaotafuna huku na kule. Hapo ndipo pa kumufungia njia.

Mupanga: kila mara munapotoka kwenye shina moja kwenda lingine, mupitishe chuma katika moto mpaka kiwe moto kabisa, mutu hawezi kukigusa, ao mukioshe na javeli. Seli ya bakteria haivumilie moto. Ua dume: mara tu mukono wa mwisho wa ndizi umetokea, mulivunje kwa fimbo yenye panda, musitumie mupanga. Mbuzi: mumufunge mbali na migomba. Watoto wa kupanda: muchukue tu katika shamba munalolijua ni zima.

Na mugomba uliokwisha kushikwa? Hapa elimu ya mupango wa viumbe inatusaidia tena. Ile tunayoiita shina la mugomba juu ya udongo ni majani yaliyokunjamana. Shina la kweli liko chini, na mama, watoto na wajukuu wameshikana hapo. Je, ni kiumbe kimoja ao familia? Ni yote mawili kidogo. Kwanza wakulima waliambiwa wang'oe familia yote, na kazi hiyo ilishinda wengi, zaidi wamama walio peke yao. Lakini wachunguzi, na INERA Mulungu ikiwa kati yao, waliona ya kwamba mara nyingi bakteria hafikie watoto wote kwa wakati mumoja. Wakajaribu na wakulima wa Kivu njia nyepesi: kukata sawa na udongo ule tu wenye alama za ugonjwa, kwa mupanga uliopita motoni, na kurudia kupita shambani bila kuchoka, wiki kwa wiki. Ugonjwa ulishuka sana, na familia nyingi za migomba ziliendelea kuzaa. Lakini mutu akikata leo na kupumuzika miezi mitatu, hajafanya kitu.

Virusi ya muhogo: barua bila mwenyewe

Muhogo wenye majani yaliyokunjika, yenye madoa ya manjano na kijani, una mozaiki. Ugonjwa huu uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1894, kule milima ya Usambara, Tanzania ya leo. Wenye kuuleta ni virusi, na virusi ni kitu cha ajabu, juu kimesimama kwenye mupaka wa uhai.

Mwaka 1898 Mholanzi Martinus Beijerinck alichuja maji ya majani ya tumbako yenye ugonjwa katika chujio la udongo wa kaure ambalo bakteria hawezi kulipita. Maji yaliyopita bado yaliambukiza tumbako nzima. Kwa hiyo ugonjwa ule ulitoka kwa kitu kidogo kuliko bakteria. Mwaka 1935 Mmarekani Wendell Stanley alikausha virusi hivyo mpaka vikawa fuwele, kama chumvi. Muwaze: chumvi inayoweza kukaa ndani ya chupa, na kisha ukiipakaza kwenye jani inaanza kuongezeka tena! Nani aliwahi kukausha mbuzi kuwa chumvi na kumurudisha?

Virusi havina seli. Havili, havipumui, havikui. Ni maandishi tu, yamefungwa katika ganda la protini. Ni kama mutu anaingia jikoni na karatasi yake, na mama mupishi anaacha bugali ya watoto wake na kuanza kupika kile karatasi inaamuru, na juu yake anaandika karatasi zingine elfu. Nje ya jiko karatasi ile haifanye kitu. Ndiyo maana wasomi wengi wanasema virusi havistahili kuitwa hai, wengine wanaviweka mulangoni, nusu ndani, nusu nje.

Kwa mukulima, mabishano hayo yana jibu moja la kazi. Dawa nyingi zinaua kwa kuharibu kupumua, kula ao ngozi ya seli. Virusi havina hata kimoja. Hakuna chupa inayoponyesha muhogo wenye mozaiki. Anayekuuzia chupa hiyo anachukua pesa yako, hata kama yeye mwenyewe anaiamini. Vile vile, kupiga dawa nzi weupe wadogo wanaosafirisha virusi haitoshi, juu musafirishaji mukubwa ni sisi wenyewe: kila musimu tunakata vijiti vya muhogo mugonjwa na kuvipanda tena, ao kuvipatia jirani kwa upendo.

Mulango wa virusi ni kijiti. Mufanye hivi: wakati muhogo ungali na majani mengi, mupite shambani na kufunga alama, kamba ao kitambaa, kwenye miti mizima kabisa. Musichume sombe sana kwenye miti ile, juu majani ndiyo yanaonyesha ugonjwa. Wakati wa kupanda, mukate vijiti kwenye miti yenye alama tu. Muhogo muchanga ukionyesha mozaiki katika miezi ya kwanza, muung'oe bila huruma. Na mutafute aina zinazovumilia ugonjwa. Lakini mukumbuke ndugu mubaya wa mozaiki, ule ugonjwa unaotia muzizi mistari migumu ya kahawia: mara nyingi majani yake yanadanganya, yanaonekana karibu mazima. Wakati wa mavuno mupasue mizizi kadhaa na kuangalia ndani mbele ya kuamua miti gani itatoa mbegu.

Wafanyakazi wasioonekana

Tusifikiri kila kiumbe kidogo ni adui. Yule Beijerinck, miaka 10 mbele ya kazi yake ya virusi, mwaka 1888, alitoa katika vinundu vya mizizi ya mimea ya jamii ya maharagi bakteria mwenye mema. Bakteria huyu anakamata azoti ya hewa, ambayo muti hauwezi kuikamata peke yake, na anaigeuza kuwa chakula cha muti. Muti nao unamulipa sukari. Wakati maharagi ao soya inatoa maua, muchimbe muti mumoja taratibu na jembe, na mukate kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, kinafanya kazi. Rangi ile ni ndugu ya ile ya damu yetu. Kikiwa cheupe ao kijani, kimelala ao kimekufa. Katika udongo muchovu na wenye asidi, kama sehemu nyingi za Walungu, vinundu ni vichache: bakteria nao wanahitaji fosfori na udongo usio mukali. Na ukimwaga mbolea nyingi ya azoti kwenye maharagi, muti unaacha kuwalisha, kama mutu aliyepata chakula cha bure.

Kijiko kimoja cha chai cha udongo muzuri kinaweza kubeba bakteria zaidi ya miliari moja, pamoja na kuvu na vijidudu vingine. Wengine tunawatumia kila siku bila kuwataja: chachu inayochemsha kasiksi, na bakteria wanaolainisha muhogo tunaouloweka, wakisaidia kutoa sumu yake. Mama anayeutoa katika maji mbele ya siku zake anawakatiza hao kazi, na familia inakula sumu iliyobaki.

Wala tusizani vyote vinapumua kama sisi. Chini kabisa ya Ziwa Kivu hakuna oksijeni, na huko ndiko viumbe vya seli moja vimetengeneza sehemu kubwa ya gesi ya methani iliyo ndani ya maji yale. Upande wa Rwanda, kule Karongi, gesi hiyo inatolewa na kufanya umeme. Hewa yetu ya kupumua, kwa viumbe vile ni sumu.

Kwenye komposti pia munaweza kugusa uhai kwa mukono. Muchome fimbo ndefu katikati ya lundo, muiache kidogo, muitoe. Ikiwa na joto, wafanyakazi wako kazini wanakula na kupumua. Ikiwa baridi na kavu, wanakosa maji. Ikiwa baridi na inanuka vibaya, wanakosa hewa: mugeuze lundo. Na anayechoma majani yote ya shamba kila kiangazi anachoma chakula cha wafanyakazi wale, na wengine wao anawachoma pamoja nacho.

Ngazi ya mulima ni kazi ya koperative

Turudie kwa ulizo letu. Mukiona shida shambani, muipange katika moja ya mafungu matatu.

Fungu la kwanza: hakiko hai. Majani ya chini yanageuka manjano sawasawa katika shamba zima, hakuna mududu, hakuna usaha. Mara nyingi ni njaa ya udongo. Dawa haitasaidia, mupeleke mbolea, komposti, maharagi ya kubadilisha na muhindi.

Fungu la pili: kiko mulangoni. Ni virusi. Mung'oe, muchague mbegu safi, musipoteze franka.

Fungu la tatu: kiko hai. Muulize kinakula nini, kinapumua nini, kinasafiri na nani, na mufunge mulango ulio rahisi zaidi. Wakati mwingine ni dawa, lakini mara nyingi ni moto, bidoni ao fimbo yenye panda.

Kuna jambo moja zaidi, na bila hilo yote yaliyotangulia ni kazi ya nusu. Tulisema uhai umepangwa kwa ngazi. Ugonjwa unaanza katika seli, lakini hauishii kwenye muti mumoja: unapanda mpaka ngazi ya kundi, yaani migomba yote ya mulima mumoja. Bakteria hajui mupaka wa shamba la mama huyu na la baba yule. Mutu mumoja akipitisha mupanga wake motoni na majirani kumi hawafanye hivyo, nyuki na mbuzi watamurudishia ugonjwa mbele ya mavuno. Shida ya ngazi ya mulima inapiganishwa kwenye ngazi ya mulima, na ngazi hiyo hakuna mutu anayeishika peke yake. Ni koperative.

Kwa hiyo tunaomba kila koperative, katika mukutano unaokuja, ifanye mambo manne. Muchague siku moja ya wiki ambayo wanamemba wote wa mulima mumoja wanapita katika migomba yao pamoja. Mukubaliane ya kwamba hakuna mupanga unaoingia katika shamba la mwenzako bila kupita motoni. Muchague shamba moja la muhogo litakaloangaliwa na wote na kutoa vijiti safi. Na mbele ya musimu, kila mwanamemba alete mbegu 100 za maharagi katika kitambaa, tuhesabu pamoja zilizo hai.

Mazao mema kwenu wote.